Ukurasa wa Mwisho Hauandikwi

Torino, 7 Oktoba 1996

Ondina,

Usiichane. Najua ulipouona mwandiko wangu juu ya bahasha mkono ulikuwasha, lakini soma kwanza, kuchana utachana baadaye. Tena ukimaliza ichome kabisa, usiitie kwenye lile sanduku lako la barua.

Tumeanza kupiga picha za filamu. Miaka kumi na moja nimekaa nyumbani natembelewa na vijana waliovaa fulana zenye uso wangu, "Maestro, lini nyingine, tunakufa kwa hamu," na wakati huohuo hakuna mtayarishaji hata mmoja aliyekuwa akipokea simu yangu. Sasa Zambelli ametoa fedha. Torino ina ukungu mzuri, damu tumechanganya ndoo kwa ndoo, na Shela la Njano linakwenda: bibi harusi anachumbiwa, mchumba anachinjwa, anachumbiwa tena, anachinjwa mwingine. Wewe umeandika, mimi naongoza. Kama zamani, mwenzangu.

Lakini nina aibu moja, na wa kumwambia ni wewe tu. Nasahau. Si kusahau miwani mezani, hilo hata wewe unalo. Juzi nilisimama mbele ya kamera, watu wote wananitazama, nikasema "Washa!" halafu sikujua tunapiga nini. Daktari ameupa jina lake ugonjwa huu, mimi sitaliandika hapa. Zambelli akijua, watu wa bima watajua, na siku hiyohiyo atanitoa, ampe filamu yangu kijana wa matangazo ya sabuni aimalizie.

Desturi yetu unaijua. Ukurasa wa mwisho hauandikwi. Waigizaji hawajui muuaji ni nani, mpiga picha hajui, wala Zambelli mwenye fedha zake hajui. Kila mmoja anaogopa asije akawa ni yeye, na ule woga ndio unaoonekana usoni. Anayejua ni aliyetunga na anayeongoza, basi. Uliniambia kwa mdomo mwezi wa saba, pale kwako, tukila samaki wako wale warefu kama nyoka, mikunga wa kuchoma. Mikunga nawakumbuka. Muuaji simkumbuki.

Hii ni ya mwisho, Ondina. Nikiiharibu watasema hata zile za zamani zilikuwa bahati tu. Niambie muuaji ni nani na dalili zipi nizionyeshe. Usipige simu, simu ya hotelini inasikilizwa na kila mtu.

Wako, kwa mazuri na kwa mabaya,
Ermete

*

Comacchio, 12 Oktoba 1996

Ermete,

Loo! Bwana mkubwa wa filamu za mauaji amempoteza muuaji. Ningekuwa sina moyo ningecheka mpaka majirani waje. Nimecheka kidogo tu, kisha nikakaa jikoni mpaka kahawa ikapoa. Nilikuwa mkeo miaka tisa, umenifanyia ya kunifanyia, lakini hili sikukuombea.

Basi sikiliza vizuri. Muuaji ni Bi Clelia, mama wa bibi harusi, yule mpole anayewapakulia watu supu. Hawaui wachumba kwa chuki wala kwa urithi. Anawaua kwa kuwa binti akiolewa, yeye atakula chakula cha jioni peke yake mpaka afe. Ni sababu ya jikoni kabisa, ndiyo maana inatisha. Kikulacho ki nguoni mwako.

Dalili ni glavu. Siku anapomchinja mchumba wa kwanza, yule fundi miwani, pale mwanzoni kabisa, taa inamwangukia na kumuunguza mkono. Tangu hapo havui glavu, hata mezani. Watazamaji watadhani ni mikogo ya kibibi cha Torino. Mwonyeshe kila wanapokula, ila usimsogezee kamera. Ukimsogezea umeiua.

Na mimi nina langu moja. Mjane Hana Kioo niliitunga mimi, kila neno, na kwenye kitambaa cha sinema likatoka jina lako peke yake. Watu wameizeesha filamu ile kwa kuipenda, wako wanaoijua kwa moyo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusikia kwamba kuna Ondina Felletti duniani. Safari hii umeniahidi. Jina langu, peke yake, kabla ya lako. Nina miaka sitini na tisa, sitaki kingine.

Jifunge shingo, ukungu wa huko haukupendi.

Ondina

*

Torino, 30 Oktoba 1996

Ondina mpenzi,

Glavu! Mama wee, glavu! Nimempiga picha Bi Clelia akimenya peya na glavu mkononi, na wote pale wakaona ni kichekesho. Mimi peke yangu nilisisimkwa. Wewe mwanamke una akili ya shetani, nilifanya ujinga kukuacha, au ni wewe uliyeniacha, hata sijui tena.

Jina lako litatoka kubwa kuliko mlango wa kanisa. Nimeshasema.

Sasa usinicheke. Barua yako niliichoma, kama tunavyofanya. Jina la muuaji nikaliandika kiganjani kwa wino, halafu nikaenda kula, nikanawa mikono. Nakumbuka glavu, ila leo asubuhi nimeamka sijui ni za nini wala muuaji ni nani. Niandikie tena. Fupi tu.

Wako mchafu wa mikono,
Ermete

*

Comacchio, 6 Novemba 1996

Ermete,

Gazeti nimeonyeshwa na msusi wangu, mbele ya wateja wake wote, kichwa changu kikiwa kimelowa. Picha umetoka vizuri. Nami nikasoma kwa sauti, maana aliniomba: "Shela la Njano nimelitunga peke yangu. Mke wangu wa zamani alinipigia chapa tu, ana vidole vyepesi."

Vidole vyepesi! Umejibu kwa ufupi, mwandishi hakuwa na haja ya kukuuliza tena. Wanawake walicheka, mimi pia nikacheka, ningefanyaje? Asante ya punda ni mateke, na mimi kwa ujinga wangu nimekwenda kusimama nyuma ya punda yuleyule.

Haya, umeniuliza muuaji. Muuaji ni wakili Berruti, anayesimamia mahari. Mwonyeshe ana matope viatuni. Msogezee kamera viatu, sana, watu wasije wakakosa kuviona. Mpe na kikohozi, kila anapoingia akohoe.

Ichome hii.

Ondina

*

Torino, 21 Novemba 1996

Ondina,

Viatu nimepiga, kikohozi nimepiga. Mzee anayemwigiza wakili amefurahi kupita kiasi, sasa anakohoa hata wakati wa chakula. Lakini mama anayemwigiza Bi Clelia amenifuata, anataka kujua kwa nini nimemvisha glavu mwezi mzima kama mgonjwa wa ukurutu. Nikamwambia, "Kwa sababu ni baridi." Amekwenda kwa Zambelli kunishtaki.

Umetaja gazeti. Gazeti gani? Sijaongea na gazeti lolote tangu tuanze kazi.

Jana nilimwita Gualtiero aisogeze taa. Gualtiero tulimzika mwaka juzi, jeneza nilibeba mimi mwenyewe. Nikasema natania. Hakuna aliyecheka ila Zambelli, na kile kicheko sikukipenda.

Naomba unihakikishie. Ni wakili kweli? Kuna kitu kinaniambia siye, lakini kichwa changu siku hizi ni mlevi, simwamini. Nakuamini wewe. Hujawahi kunidanganya, hata pale nilipostahili.

Ermete

*

Comacchio, 26 Novemba 1996

Ermete,

Hujaongea na gazeti! Ugonjwa wako una adabu sana. Unakuibia majina ya watu, saa za dawa, marehemu, lakini lile ulilonitendea mbele ya watu linafutika lenyewe, safi, bila wewe kunyanyua kitambaa. Wangapi wangependa kuugua hivyo.

Wakili siye, hapo umehisi vyema. Wakili ni chambo, glavu nazo ni chambo. Ulitaka mwenyewe, mwezi wa saba, ulipiga meza hadi glasi zikaruka: "Tuwapoteze, Ondina, tuwapoteze wote!" Muuaji ni fundi miwani.

Ndiyo, yule tuliyemchinja mwanzoni kabisa. Hakufa. Siku ya harusi anaingia kanisani na bendeji shingoni, ndiye. Kwa nini ameua? Usieleze. Watazamaji wako ni watu wazima, wataelewa. Usimwambie mtu hadi siku ya mwisho ya kupiga picha, kwa desturi yetu, wasije wakakuharibia.

Tena safari hii usiandike kiganjani. Andika mahali pasipooshwa.

Ondina

*

Torino, 14 Desemba 1996

Ondina wangu,

Tumemaliza.

Yule anayemwigiza fundi miwani alikuwa amesharudi Roma, na nilipompigia simu kwamba arudi yeye ndiye muuaji, alidhani namtania, ikabidi nimwapie kwa roho ya mama yangu. Tukamfunga bendeji. Alipoingia kanisani nikasikia ule ukimya ambao sijausikia kwa miaka mingi. Binti anayeandika mfuatano wa picha akaniuliza polepole, "Mzee, una hakika?" nikamwambia nina hakika, naye akaanza kulia. Ondina, nimemliza mtu kazini! Zambelli alitoka nje, hakurudi. Nadhani naye hakutaka tumwone machozi.

Wanasema baada ya sikukuu nitakwenda kupumzika kwa masista. Sawa, nimechoka. Lakini kuna jambo moja nililibandika juu ya kitanda, kwenye karatasi, ili kila nikiamka nilione, nikalisimamia mpaka Zambelli akakubali kutia saini. Sikwambii ni nini. Njoo Torino siku ya onyesho la kwanza, utaliona mwenyewe.

Ermete

*

Comacchio, 20 Aprili 1997

Ermete,

Nilikuja. Ulikuwa safu ya mbele kati ya masista wawili, wamekupamba kama mtoto wa komunio. Hukuniona. Nilikaa nyuma kabisa. Na nikwambie nilichofuata: nilifuata kukuona unazomewa. Nilisuka nywele na kuvaa koti jipya kwa ajili hiyo tu.

Sasa nikwambie ukweli, maana ukweli usiousikia hauna faida kwangu. Nilikudanganya. Muuaji ni Bi Clelia, nilikwambia hivyo mara ya kwanza, kwa moyo safi. Wakili nilimbuni kwa hasira. Fundi miwani nilimbuni kwa raha, nilicheka peke yangu jikoni nikiandika. Nilijua unaumwa, nilijua huna wa kumwuliza ila mimi, na kila ulipoandika "nakuamini wewe" nilisema, vizuri, amini. Ulinilia jina langu mara mbili, nami nikakulisha aibu kwa kijiko.

Taa zikazimwa. Kitambaa cheusi. Halafu likatoka jina langu.

ONDINA FELLETTI. Peke yake, kabla ya lako, herufi kubwa kuliko watu. Likakaa pale. Watu wakapiga makofi, Ermete. Mtu wa pembeni yangu akamwuliza mkewe, "Ni nani huyu?" na mkewe akasema, "Sijui, lakini lazima ni mtu."

Nilitaka kusimama nizime mashine. Katika ukumbi mzima mimi peke yangu nilijua kinachokuja. Nilikaa nikiziangalia glavu zile, nzuri, ulizipiga nzuri mno, kamera haikusogea hata kidogo kama nilivyokwambia, na kila mtu akaanza kuogopa supu ya mama yule. Kisha vikaja viatu. Kisha kikohozi, na kicheko cha kwanza kikatoka nyuma. Fundi miwani alipoingia kanisani mtu akapaza sauti, "Aleluya, amefufuka!" na ukumbi ukaangua kicheko. Walicheka hadi wakapigana makofi mapajani. Vijana wako wa fulana walicheka kuliko wote. Mmoja aliivua, akaigeuza ndani nje, akaivaa tena hivyo.

Wewe ulikuwa unatabasamu. Ulidhani wamefurahi.

Magazeti yanakuhurumia. "Mzee mgonjwa, mkongwe wetu, aliyeangushwa na utunzi wa kijinga wa mwanamke mmoja asiyejulikana." Muuza samaki jana amenifungia mkunga wangu kwenye karatasi yenye habari hiyo, akaniuliza, "Ondina, na huyu nikimkata kichwa, atarudi Jumapili?"

Sema kitu. Nikasirikie. Nitukane, niite mchawi, lolote, lakini ujue nilichofanya, na uwaambie muuaji alikuwa nani.

Ondina

*

Comacchio, 9 Mei 1997

Ermete,

Hujajibu. Nimempigia simu Zambelli, amenipa anwani ya masista huko Chieri na kunikatia simu.

Nimewaandikia magazeti mwenyewe, kuwaeleza mwisho wa kweli. Mmoja amenijibu kwa heshima kwamba kila mtunzi wa filamu mbovu ana mwisho mzuri aliouficha nyumbani. Wanataka ukurasa. Ukurasa hatukuandika. Wanataka barua. Barua ulizichoma kama nilivyokuagiza, na zako mimi nilizichoma kama ulivyoniagiza. Aliyesikia kutoka kinywani mwangu ni wewe tu duniani.

Ya nyuma yaache, siyadai tena. Nakuomba kwa magoti, na unajua sijawahi kukuomba hivyo hata siku ulipofunga mizigo. Waandikie magazeti mstari mmoja. Waambie ukweli kuhusu mwisho wa filamu, ulitoka wapi. Watakuamini wewe.

Ondina

*

Chieri, 3 Juni 1997

Ondina mpenzi,

Sista Immacolata ndiye anayeniandikia, kalamu siku hizi inanishinda, lakini maneno ni yangu na sahihi ni yangu. Anakusalimu. Anasema una mwandiko mzuri.

Zilikuja barua zako mbili. Ile ndefu nilisomewa, ilikuwa na mambo mengi, na Sista alisimama mara mbili katikati akaniuliza kama aendelee. Tulipomaliza nikamwambia aitie jikoni kwenye moto, kwa desturi yetu. Hakutaka. Nikamwambia tumefanya hivyo maisha yetu yote, mimi na mke wangu, akakubali. Sasa sikumbuki ilisema nini, usinune. Ile fupi nikaibakiza. Iko hapa juu ya kitanda, kila asubuhi naisoma: waandikie magazeti ukweli kuhusu mwisho wa filamu, ulitoka wapi.

Nimewaandikia, mpenzi wangu. Si mstari mmoja, kurasa mbili! Nimewaambia kwamba kichwa changu kilikuwa kimeanza kunikimbia na mwisho nilikuwa nimeusahau kabisa, nikakuuliza wewe, nawe ukaniandikia kwa mkono wako. Nimewaambia fundi miwani ni wako, na bendeji ni yako, na kwamba isielezwe kwa nini ameua pia ni agizo lako. Mimi sikuongeza hata nukta. Nimesema mtu yeyote akisema mwisho ule umetoka kwa mwingine, ni mwongo, na mimi Ermete Galvagno naapa kwa roho ya mama yangu.

Nilitaka kulia nilipokuwa nikiwaambia, Sista ni shahidi. Sijui kwa nini, lakini kuna kitu kinanisumbua kwamba niliwahi kukunyima haki yako. Safari hii nimeitoa yote.

Wamejibu haraka. Watachapa Jumapili, ukurasa mzima, kwa jina lako. Walitaka na picha yako, na mimi ninayo moja tu, ile ya siku ya harusi yetu, nikawapa.

Wako,
Ermete